Mafuta ya spinachi

Leo nimetoka maabara vidole vya kijani kabisa, nikapitia soko la Kibuye kununua omena.

Mama muuzaji akanishika mkono. "Umepaka nini, mwanangu?"

Nikamwambia tumeshinda tukisaga spinachi kutoa kloroplasti, zile chembe zinazopikia jani chakula. Protini zake nyingi huundwa nje yake, kisha huvutwa ndani kupitia vilango vya utando. Utando wenyewe ni mafuta, mengi yamebeba sukari ya galaktosi. Aina moja ya mafuta hayo, iitwayo DGDG kwa kifupi, ikipungua, protini huingia kwa shida.

Akanyamaza, gorogoro la omena mkononi.

"Kumbe spinachi huja na mafuta yake, nami hukaanga na mengine?"

Nimecheka hadi kwenye matatu. Na akaniongezea kiganja kizima!

Ninyi mngemjibuje?