Kutoka Pangani hadi Kamaishi: Safari ya Kujifunza Kukimbia

Alasiri ya tarehe 26 Desemba 2004, nikiwa mtoto wa miaka 11, niliiona bahari ya Pangani ikijaa na kupwa mara kadhaa katika saa ambazo maji hayakupaswa hata kugeuka. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, maji ya bamvua yalikuwa yamepwa mno, na wimbi la tsunami lililovuka Bahari ya Hindi kutoka Sumatra, Indonesia, lilitukuta ufuko ukiwa umebaki mtupu mbali sana, jambo lililoliokoa eneo kubwa la pwani yetu. Hata hivyo Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10 siku hiyo, wakiwemo watoto waliokuwa wakiogelea. Sisi watoto wa mtaa tulishuka ufukoni kutazama, wala hakuna mtu mzima aliyetukataza, kwa kuwa watu wazima nao walikuwa wamekuja kutazama.

Kumbukumbu hiyo nilisafiri nayo mwezi Novemba 2023, nilipoteuliwa, nikiwa mwalimu wa jiografia, kuwaongoza wanafunzi wawili katika programu ya kubadilishana vijana kuhusu elimu ya maafa nchini Japani. Kundi letu lilikuwa na vijana kutoka Indonesia, Ufilipino na Chile. Kutoka Tokyo tulipanda treni ya kasi hadi Shin-Hanamaki, kisha treni ndogo iliyopenya milimani taratibu hadi Kamaishi, mji wa chuma na uvuvi katika mkoa wa Iwate. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa reli ya pwani hadi Unosumai, ambako tulikaa siku nne.

Mwaka 2011 shule mbili za Unosumai, ya msingi na ya sekondari ya chini, zilisimama jirani karibu kabisa na bahari. Leo mahali hapo pana uwanja wa raga uliotumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2019, Uruguay ilipoifunga Fiji. Tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipopiga saa 8:46 mchana, tarehe 11 Machi 2011, wanafunzi wa sekondari hawakungoja tangazo. Walianza kukimbia kuelekea bara. Wadogo zao wa shule ya msingi, ambao kwanza walikuwa wamepandishwa ghorofa ya tatu, waliwaona wakipita, nao wakashuka na kuwafuata. Walipofika mahali palipopangwa kuwa kimbilio waliona udongo wa mlima ukiporomoka nyuma ya jengo, wakaamua kwamba hapatoshi, wakaendelea kupanda, wakubwa wakiwashika mikono wadogo, na hata kutoka kituo cha pili wakapanda tena. Maji yalizifunika shule zote mbili. Watoto takriban 570 waliokuwa shuleni siku hiyo walinusurika.

Njia hiyo tuliitembea wenyewe, tukiongozwa na vijana wa sekondari wa Kamaishi ambao mwaka 2011 walikuwa na umri wa miaka mitatu au minne. Jambo hilo lilinigusa kuliko yote niliyoyaona Japani: wanaofundisha hawakumbuki chochote kwa macho yao, ila wameyapokea kwa wakubwa zao na sasa wanayapokeza kwetu. Walitueleza kwamba Profesa Toshitaka Katada, mtafiti wa kujikinga na maafa, aliyafundisha mashule ya mji huo miaka kadhaa kabla ya maafa, na kwamba maagizo yake yalikuwa matatu: usiamini kwamba mambo yatakuwa kama yalivyokadiriwa, fanya kila uwezalo kwa hali iliyopo, na uwe wa kwanza kukimbia. Wengi waliosoma shule hizo hawapendi tukio lao liitwe muujiza. Walifanya walichokuwa wamejizoeza kukifanya, na katika mji huohuo kuna waliofiwa na wazazi saa hiyohiyo.

Neno la watu wa pwani hiyo ni tendenko, yaani kila mtu kivyake. Limezaliwa na misiba ya kale, kwani tsunami ya mwaka 1896 iliua watu wapatao 22,000 katika pwani hiyo, na katika familia nyingi jamaa mmoja alirudi kumtafuta mwingine, wakafa wote. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Kidato cha Tatu anayelelewa na bibi yake, alisimama katikati ya mteremko aliposikia tafsiri.

“Mwalimu,” akaniuliza kwa sauti ya chini, “ina maana nimwache bibi?”

Sikuwa na jibu. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba anayemkimbia mkubwa wake wakati wa shida hana adabu, na mtoto mwema ni yule anayengoja kuambiwa. Niliwapelekea wenyeji wetu swali hilo kama lilivyo. Kijana mmoja akaeleza kwamba tendenko huanzia nyumbani kabla ya tetemeko, pale mama na mtoto wanapokubaliana mahali pa kukutana, ili siku ikifika mama asishuke shuleni kwa kuwa anajua mtoto ameshakimbia, na mtoto asirudi nyumbani kwa kuwa anajua mama naye ameshakimbia. Kuhusu bibi asiyeweza kupanda mlima, alisema huyo lazima apangiwe mtu mapema, kwa jina, na njia ya kumbeba ifanyiwe mazoezi. Binti kutoka Aceh, nchini Indonesia, akaongeza habari za kisiwa cha Simeulue, ambako tsunami ya mwaka 1907 iliwaachia watu neno lao, smong, linaloimbwa na kusimuliwa watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Mwaka 2004 kisiwa hicho kilikuwa karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, na kati ya maelfu ya wakazi wake walikufa 7 tu.

Siku iliyofuata ilikuwa nzito. Katika mtaa huohuo wa Unosumai palikuwa na kituo cha kujikinga na maafa ambacho hakikuwa kimbilio rasmi la tsunami, lakini kwa kuwa kilikuwa karibu na wazee hawakutaka kupanda, kilizoeleka kutumiwa katika mazoezi. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 160 walifia humo, wakiwa wamefuata hasa walichofundishwa na miguu yao. Kisha tukasafiri kwa basi kusini hadi Ishinomaki, kwenye magofu ya shule ya msingi ya Okawa, takriban kilomita nne kutoka mdomo wa mto. Hapo wanafunzi 74 kati ya 108 na walimu 10 walifariki au hawakuonekana tena. Walikuwa wamekaa uwanjani karibu dakika 50, na kilima kiko nyuma ya shule. Kwa ushuhuda wa walionusurika, kuna watoto waliosema wapande. Mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa iliiacha isimame hukumu kwamba shule na mamlaka ya elimu hazikujiandaa ipasavyo kabla ya siku hiyo. Nilisimama pale nikiwa mwalimu, nikajiuliza ni mara ngapi nimemwambia mtoto anyamaze asubiri.

Tulirudi nyumbani katikati ya Novemba. Wiki chache baadaye, alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Sikuona tena haja ya kumshawishi yeyote kwamba somo hili ni letu.

Mwinuko tunaouona kila siku Pangani ni kilima cha Bweni, nacho kiko ng'ambo ya mto, na huwezi kuutegemea mpango unaoanzia kwenye foleni ya kivuko. Kwa hiyo tulitafuta njia ya upande wetu, kuelekea bara, tukaitembea na wanafunzi wote. Katika zoezi la kwanza kengele ililia, watoto wakakimbia vizuri hadi getini, wakasimama wakinitazama, wakingoja ruhusa. Mara ya pili walisimama tena, kwa muda mfupi zaidi. Mara ya tatu nilikuwa bado natoka ofisini pale mtoto wa Kidato cha Kwanza alipolivuta komeo, na binti yule anayelelewa na bibi akapita wa kwanza, akiwa amemshika mkono mdogo wake huyo wa Kidato cha Kwanza.