Glovu haitakuokoa kwenye mkanda

Fundi akikatika kidole swali la kwanza ni lilelile, kwani hakuvaa glovu? Jamani, kwenye mkanda na puli za mashine inayozunguka glovu ndo inakuponza, ikinaswa kidogo tu inavuta na mkono. Zima mashine. Na kuzima sio kubonyeza stopu kwenye paneli alafu unaingiza vidole, shusha meni swichi, piga kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako wewe unayefungua nati, maana wa shifti ingine akikuta imezima yeye anawasha tu. Kwenye mitambo inayosukumwa na hewa au mafuta ya presha (haidroliki) umeme unaweza kukata na presha ikabaki ndani, itoe kwanza.

Jamaa yetu mmoja alibanwa kidole cha shahada kati ya cheni na sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) akipaka grisi mashine inatembea, supavaiza kagoma kuzima eti uzalishaji utalala, alafu wakamletea hela mkononi yaishe kimyakimya (hela yenyewe hata dawa haitoshi!). Kwa Tanzania fidia ipo kisheria, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008 na mfuko wake ni WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), kwahiyo hakikisha ajali inaripotiwa na vyeti vya hospitali utunze mwenyewe.