Kutoka Dodoma hadi Sekenke na shilingi mkononi

Mpwa wangu amezaliwa na kukulia Muscat. Kiswahili kimemkaa vizuri, ila shilingi ya Tanzania hakuwahi kuishika mpaka alipokuja Dodoma likizo. Nikamwambia pesa huifahamu kwa kuitumia: tutapanda basi la Singida, na malipo yote ya njiani yatapita mkononi mwake.

Stendi ya Nanenane ilimpa kazi mapema. Getini ni sarafu, chooni ni sarafu. Kwa mama wa chai akatoa noti ya 10,000.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hiyo sina chenji yake asubuhi yote hii.”

Nikalipa mimi, halafu nikamwonyesha zile ndogo: 50, 100, 200 na 500. Shilingi moja ni senti 100, lakini senti hazimo tena kwenye mizunguko ya sokoni. Sarafu ya 500, yenye Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, ilitoka mwaka 2014, kwa kuwa noti ya thamani hiyo ilikuwa ikipita mikono mingi na kuchakaa upesi. Anayesafiri kanda hii avunje noti kubwa mjini. Muuza karanga wa Kintinku akikosa chenji, basi linaondoka na yeye amekosa biashara.

Tulipoipita Bahi alizipanga noti mapajani. Ya 1,000 ni ya bluu, ina Mwalimu Nyerere. Ya 2,000 ina simba, ya 5,000 faru, na nyekundu ya 10,000 ina tembo. Akaiinua ile nyekundu dirishani mpaka sura ya Mwalimu iliyofichwa ndani ya karatasi ikajitokeza kwenye mwanga. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha noti halali, na nilifurahi kwamba alikigundua mwenyewe.

Dirishani wauzaji wakawa wanaita: “Karanga jero! Mayai mawili buku!” Jero ni 500, buku ni 1,000. Akapatia.

Kwenye mlima wa Saranda basi lilipunguza mwendo, nikapata nafasi ya historia. Kabla ya 1966 Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Benki Kuu yetu ikaanza kazi, na tarehe 14 Juni 1966 shilingi ya Tanzania ikatoka, shilingi moja mpya kwa shilingi moja ya zamani. Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei.

“Na riali zangu, mjomba, hotelini watazikubali?”

Hapana. Tangu kanuni za Machi 2025, bidhaa na huduma za ndani hutajwa bei na kulipwa kwa shilingi. Riali apeleke benki au duka la kubadilishia fedha. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Mkulima wa alizeti hapa hauzi kwa dola, kwa nini apangishwe nyumba kwa dola?

Abiria wa jirani, mama mtu mzima wa Manyoni, akadakia. Mzee wake alikuwa ameficha noti za zamani kwenye kopo. Benki Kuu ilizipokea noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, na habari ikamfikia baada ya hapo. Iliniuma. Tangazo la namna hiyo lilihitaji kufika mpaka kwenye mikutano ya vijiji.

Singida tulilala, chakula tukalipia kwa simu, kwa lipa namba. Kesho yake tukapita Misigiri, tukateremka mlima Sekenke. Huku Wajerumani walichimba dhahabu tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewakatia njia ya bahari, waliifua dhahabu ya Sekenke huko Tabora ikawa sarafu za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima. Sarafu ndogo za heller walizitengeneza kwa shaba nyekundu na ya njano, nyingine kutokana na maganda ya risasi.

Mpwa akauliza kama noti zake nazo zina dhahabu nyuma yake. Nikamweleza kwamba noti ya leo haibadilishwi kwa dhahabu. Thamani yake inasimamiwa na Benki Kuu. Ila dhahabu yenyewe benki inainunua kuongezea akiba ya taifa, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji wakubwa na wafanyabiashara wa madini wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya wanayotaka kuuza nje kwa ajili hiyo.