Cheni mpya za gari la magurudumu manane

Wauzaji wa cheni hupenda kukutajia uzito unaoweza kuikata. Mimi namba hiyo siishughulikii sana. Kwenye gari la magurudumu manane linalopita nchi kavu na majini, cheni zinazoyazungusha huchoka kabla ya kukatika. Tairi zake hazikunji kona: unashika breki ya upande mmoja, na upande wa pili unalikokota gari zima lizunguke. Kila kona ni mshtuko kwa pini na bamba, tena cheni zenyewe zimelala chini kabisa ya bodi, palepale maji ya tope yanapotuama.

Kwa hiyo kwanza napima ya zamani. Zangu ni saizi 50: ile 5 ni sehemu za nane za inchi, yaani pini hadi pini ni 5/8, au milimita 15.875. Sifuri inamaanisha ina rola za kawaida. Naivuta ikaze juu ya meza, naweka rula ya chuma kwenye ukingo wa pini moja, nahesabu pingili 20. Ikiwa mpya husoma milimita 317.5. Ikifika 327 imerefuka asilimia 3, na wengi huishia hapo. Mimi sisubiri ifike huko; asilimia 2 inanitosha, kwani baada ya hapo kikazio hakina tena pa kusogea. Safari hii ya nyuma kulia ilisoma 325, na kila nilipoikunja, vumbi jekundu la kutu lilidondoka kutoka kwenye viungio. Hiyo ni cheni iliyokauka ndani, hata uipake oili nje ing'ae.

Ndiyo maana nimechukua zenye oringi, pete za mpira zinazofungia grisi kuzunguka kila pini. Tatizo lake ni upana: pini ni ndefu zaidi, kwa hiyo pima nafasi kati ya cheni na bodi kabla ya kulipa. Yenye herufi H baada ya namba ya saizi ina bamba nene na huvumilia mishtuko, lakini pini ina unene uleule; kusagika kutaendelea tu. Chuma kisichoshika kutu kinavutia macho, ila kwa kawaida ni dhaifu kuliko chuma cha kawaida kilichopikwa kwa moto kiwe kigumu. Sikitaki kwenye ekseli.

Sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, nazo zitazame. Meno yakishaanza kulala upande mmoja, cheni mpya italiwa upesi. Na usitie nusu pingili ili urefu ukubali. Ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Afadhali usogeze kikazio. Klipu ya kiungio, upande wake uliofungwa utangulie kule cheni inakokwenda.

Nimeagiza za upande wote wa kulia, si ile moja iliyochoka. Kushoto bado zinasoma chini ya 320, hizo zinabaki.