Dawa ya kuzibua pua isizidi siku chache

Dawa ya kupuliza puani, hasa yenye oksimetazolini au zailometazolini, ni miongoni mwa dawa chache ambazo mtu huona kazi yake akiwa bado ameshika chupa mkononi, na kwa maoni yangu hapo ndipo hatari yake ilipo. Wengi hudhani kwamba pua huzibwa na kamasi peke yake, wakapenga mpaka masikio yakauma, kumbe mara nyingi kinachoziba ni utando wa ndani ya pua ambao mishipa yake ya damu imejaa na kuvimba. Dawa huibana mishipa hiyo, utando ukasinyaa, na hewa ikapata njia kwa saa kadhaa, pengine hadi 12.

Ikitumiwa mfululizo, utando huanza kuvimba upya kila nguvu ya dawa inapokwisha, na mgonjwa, akidhani mafua hayajaisha, huongeza kupuliza hadi dawa yenyewe inakuwa ndiyo inayomziba. Kwa sababu hiyo maelezo ya dawa hizi huweka ukomo, mara nyingine siku 3, mara nyingine 5 au 7. Mimi hushika 3. Aliyekwisha kunaswa anaweza kuacha kupuliza tundu moja la pua kwanza huku akiendelea na lingine, na daktari huweza kumwandikia dawa ya pua ya steroidi, yaani ya kupunguza uvimbe, ambayo huchukua siku kadhaa kuleta nafuu lakini haimrudishi kwenye mzunguko huo.

Namna ya kupuliza nayo ina uzito. Penga taratibu, inamisha kichwa mbele kidogo, kisha tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia, ili ncha ielekee upande wa nje badala ya ukuta wa katikati, ambao hukauka na kutoa damu upesi. Vuta hewa polepole. Ukisikia uchungu wa dawa kooni, umevuta kwa nguvu mno. Chupa ni ya mtu mmoja.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, glakoma (ugonjwa wa macho unaoharibu mshipa wa kuonea), kisukari au matatizo ya tezi dume amwulize mfamasia kwanza. Watoto walio chini ya miaka 6 hawapewi dawa hizi ila kwa agizo la daktari. Kwao maji ya chumvi ya kupuliza au kudondoshea puani hutosha. Chupa ifungwe na kuwekwa mbali nao, kwani mtoto akimeza hata mililita 1 au 2 anaweza kulegea, akasinzia kupita kiasi na mapigo ya moyo yakapungua, kwa hiyo akimeza tu ni kumkimbiza hospitali bila kungoja dalili.