Asubuhi ya Mfunguo Mosi

Jua ndilo lililoniamsha. Ilikuwa tarehe 5 Mfunguo Mosi, siku nne tu baada ya swala ya Idi, na mwanga ulishafika ukutani juu ya kitanda. Ramadhani nzima nilikuwa nikiamka kabla hata simu haijalia, nakula daku, nabaki juu ya mswala mpaka adhana. Sasa Alfajiri ilikuwa imenipita, na kilichokuja kuniuma zaidi ni kwamba haikunishtua. Niligeukia upande wa pili kwanza, ndipo nikakumbuka.

Mwezi ule nilikuwa nimehitimisha Qur'ani. Msahafu wetu una kurasa 604. Ukisoma 4 baada ya kila swala ya faradhi unapata 20 kwa siku, yaani kama juzuu moja, sehemu moja kati ya 30 za Qur'ani. Usiku mmoja mwishoni mwa mwezi nilimaliza Suratun Nas, sura ya mwisho, nikasoma dua ya khitma huku machozi yakinitoka, nikamwahidi Mola wangu kwamba kitabu chake sitakiacha tena. Niliahidi kwa moyo wangu wote. Kisha mwezi ukaandama, Idi ikaja, msahafu ukarudi rafuni.

Nilitia udhu, nikaikidhi ile swala, nikaenda kumwamkia bibi. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, herufi hazioni tena.

"Nisomee, baba," akaniambia. "Niko juzuu ya 14, kwenye sura ya An-Nahl."

Midomo yake ilikuwa mikavu. Nikamuuliza kama amefunga.

"Sita. Leo ya nne."

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayefunga Ramadhani kisha akaifuatishia siku 6 za Shawwal, yaani Mfunguo Mosi, huwa kama aliyefunga mwaka mzima, na wanazuoni hulifafanua hilo kwa kuwa jema moja hulipwa kwa kumi: siku 36 zinakuwa 360. Hesabu hiyo niliijua tangu madrasa, na nilishawahi kuwaeleza wenzangu. Bibi alikuwa akiifunga.

Nikaanza kusoma. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyekaa miezi bila kusoma, kumbe ni siku chache tu. Nilivuta pasipo na madda, nikaruka ghunna (sauti ya puani) mbili. Kila nilipokosea bibi aligonga goti lake kwa kidole, mara moja, bila neno, nami nikarudia. Kidole kile nakikumbuka mpaka leo, kilivyopinda kwenye kiungo, kilivyosubiri hewani kabla ya kushuka.

Tukafika aya ya 92. Humo Mola anatukataza tusiwe kama mwanamke aliyeufumua uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa imara. Aya inazungumzia viapo na ahadi. Nilikuwa nimeipita mwezi uliotangulia, nina hakika, katika zile kurasa nne za haraka kabla ya kuondoka msikitini. Safari hii ilinisimamisha.

"Mbona umenyamaza?"

Nikamweleza yote: Alfajiri iliyonipita, msahafu ulioko rafuni, ahadi ya usiku ule. Nilidhani atanikemea. Akakaa kimya kidogo.

"Ulikuwa unasoma kurasa ngapi kwa siku?"

"Ishirini, bibi."

"Na sasa?"

Sikuwa na jibu.

"Basi leo nisomee mmoja. Na kesho mmoja."

Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, amepokea kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni chache. Nilikuwa nikiichukulia hadithi hii kuwa ni ruhusa ya wavivu, na nilikosea vibaya. Ndani ya Ramadhani nilibebwa: safu zimejaa, imamu anatuvuta rakaa baada ya rakaa katika tarawehe, kila niliyekutana naye amefunga. Mwezi ulipoondoka, nilibaki na nguvu zangu mwenyewe, na mzigo wa kurasa 20 haukuwa wa kiasi chake. Sikuupunguza. Niliutua wote.

Tulimaliza ukurasa. Mchana ule uliobaki sina la kuusimulia. Usiku niliswali witri, swala ya kufungia usiku, rakaa 3 kabla ya kulala, kwa kuwa sikujiamini kuamka, nikaiweka simu mbali na kitanda.

Alfajiri nilikwenda msikitini. Pale ambapo siku chache nyuma tulikuwa tukisali mpaka barazani kwa kukosa nafasi, palikuwa na safu moja, nayo haijafika ukutani. Nikajipanga mwisho wake, bega langu likagusana na bega la mzee nisiyemjua.

Niliporudi nyumbani bibi alikuwa ameshakaa kitako, amefunga siku ya tano, msahafu mapajani. Kidole chake kilikuwa katikati ya kurasa, pale tulipoishia jana.