Ulimi Mweusi wa Tukuyu

Juzi mwanangu karudi kutoka Mwanjelwa, Mbeya, na mfuko wa zambarau. Hajavua hata viatu, kashasimama mbele ya kioo, ulimi nje, anaukagua ulivyobadilika rangi. "Baba, mbona hadi juu huku kumechafuka?" Nikamshika kidevu nikachungulia. Kweli, doa liko kwenye ufizi, nyuma tu ya meno ya mbele. Mara ya mwisho kuchungulia kaakaa lenye doa kama lile nilikuwa Tukuyu, jikoni kwa Bibi, mvua inapiga bati.

Nilivyofika kwa Bibi ni hadithi nyingine. Siku ile jambo lilikuwa la mjukuu wake. Kituo kimoja cha redio kilimpa karatasi ya habari asome, na hata dakika mbili hazikuisha wakamrudisha: ulimi mzito, anasema "habali" na "lais". Kijana aliamini kabisa. Aliniuliza kama hospitali wangeweza kumkata ule utando wa chini ya ulimi. Nikamwambia afunue mdomo, aguse nyuma ya meno ya juu kwa ncha ya ulimi, kisha alambe mdomo wa juu. Vyote akafanya bila taabu. Utando wake haukuwa mfupi, kwa hiyo hapakuwa na cha kukata. Lakini maneno yangu hayakumtosha, akataka kuona kwa macho ulimi wake unagusa wapi akitamka l na r.

Tukasaga kipande cha mkaa kwenye kinu, tukachuja unga wake kwa upande wa kanga, tukachanganya kijiko kimoja cha chai cha unga huo na kimoja cha mafuta ya alizeti, iwe rangi inayoacha doa kila ulimi unapogusa. Mafuta yakizidi, rangi huchuruzika na kutia doa mahali ambapo ulimi haukugusa. Yakipungua, mate huiosha kabla neno halijatamkwa. Nikampaka ulimi kwa brashi ndogo, ncha, juu na kingo. Hapo kuna masharti: asimeze mate, asifunge mdomo, atamke neno moja mara moja, kisha aachame nipige picha ya kaakaa kupitia kioo. Neno lenyewe lisiwe na sauti nyingine inayogusisha ulimi juu. Ndiyo maana nilichagua maneno mawili, "mbali" na "mbari". M na b ni kazi ya midomo, kwa hiyo doa lote litakaloonekana ni la l au r peke yake.

Kioo kilitusumbua. Tukuyu ni baridi, na pumzi ya mtu ikikigusa kinaingia ukungu papo hapo. Picha mbili ziliharibika hivyo. Bibi akakichukua bila kusema neno, akakitumbukiza kwenye maji ya chai yaliyokuwa ya moto, akakifuta kwa kanga. Ukungu ukaisha.

Neno "mbali" lilitoa nilichotarajia. L ni kitambaza: ncha hung'ang'ania ufizi, pumzi ikapita ubavuni. Doa lilikuwa zito, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na pembeni kwenye magego pasafi. Akasukutua, nikampaka tena, akatamka mbari. Doa lile lile. Ukiziweka picha mbili pamoja huwezi kujua ipi ni ipi. Akainama. Nikampaka mara ya tatu, na kabla sijamwambia chochote Bibi akauliza kutoka mlangoni, "Huyu mwalimu, kwao ni mbali?" Kijana, ulimi mweusi tii, akamjibu haraka, "Mbali mbali, Bibi."

Nilikasirika, nikajua rangi imepotea bure. Lakini sikio langu lilikuwa limeshasikia kitu. Nikamshika kidevu, nikasogeza kioo na tochi ya simu. Kwenye ufizi palikuwa na mstari mwembamba tu, mwepesi, na pembeni, kushoto na kulia, magego ya juu yametiwa weusi. Kingo za ulimi zilipanda zikaziba ubavu, ncha ikapiga mara moja ikaondoka. Hiyo ni r. Nikampa kioo ashike mwenyewe. Alitazama muda mrefu, mate meusi yakimdondokea kwenye shati, na Bibi naye akaja akachungulia juu ya bega lake, kimya.

Ulimi wa yule kijana ulikuwa unapiga r kila siku. Tofauti ya muda ni ndogo mno: mpigo mmoja wa r huchukua kama sehemu 20 hadi 30 za elfu ya sekunde, l mara mbili ya hapo au zaidi. Kinyakyusa, lugha ya kwao, hakitenganishi maneno kwa l na r, kwa hiyo sikio lake halikuwahi kudaiwa kuzitenga. Mtoto mchanga husikia tofauti nyingi za lugha asizozijua, na kabla ya kutimiza mwaka mmoja hubaki zaidi na zile zenye kazi nyumbani kwao. Kinyakyusa kina irabu 7, Kiswahili 5. Mtu wa pwani akisikia i mbili za Bibi husikia moja, na hakuna anayemnyima kazi kwa hilo.

Tulianza na sikio. Nilisoma kura na kula, maneno 20 kwa kuchanganya, mdomo wangu nyuma ya daftari. Akapata 11, sawa na kubahatisha. Nikarekodi watu sita tofauti, maana sikio likizoea sauti ya mtu mmoja hujifunza mtu, halijifunzi herufi. Ulimi ulifuata baadaye: shika l uvute pumzi ndani, utasikia ubaridi ubavuni mwa ulimi. Kisha sema "ada ada ada" kwa kasi mpaka d ilegee iwe mpigo tu. Wiki ya tatu alipata 17.

Akaniuliza, "Kama nilikuwa nayo siku zote, mbona hawakuisikia?" Nikamjibu kwamba alisoma polepole kwa woga, na ulimi ukipewa muda hutua na kukaa. Nadhani ni kweli. Ila nilimwona halijamtosha, na mimi pia halijanitosha.

Redioni hakurudi. Hunipigia simu mara moja moja. Akiwa na haraka, r hutoka safi. Akitulia kunieleza jambo linalomgusa moyo, huwa l, nami sijawahi kumwambia.